Damu Iliyofungiwa Lango: Upasuaji wa Vena za Umio Zinazovuja Damu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi huifasiri methali hii kwa kurejelea tabia za binadamu. Hata hivyo, methali iyo hiyo ina ukweli wa kimwili ambao daktari mpasuaji hukabiliana nao usiku wa manane, pale anapoletewa mgonjwa anayetapika damu. Damu nayo hufuata mkondo. Mkondo wake ukizibwa haisimami, bali hutafuta pa kupitia, na mara nyingine njia inayoipata huwa dhaifu mno kuihimili.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vena za umio, yaani ile neli inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, zinavyovimba na kupasuka. Aidha, yanaeleza jinsi madaktari wapasuaji walivyojitahidi kwa zaidi ya karne moja kuikomesha damu hiyo. Msimamo wetu ni kwamba upasuaji huu si suala la kuzuia damu tu. Swali lake la msingi ni hili: damu ikinyimwa njia moja, iende wapi? Tutaonyesha kwamba jibu lililoonekana la busara sana huko Ulaya na Marekani liliwaletea wagonjwa madhara mapya, na kwamba jibu linaloafiki zaidi maradhi ya sehemu yetu ya dunia lilipatikana Misri, Japani na Brazili.

Huenda msomaji akauliza mada hii ina uhusiano gani na mwanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba mgonjwa hapasuliwi kabla ya kutoa idhini, na idhini hutolewa kwa lugha. Mahali ambapo lugha haina maneno yaliyo wazi, idhini hubaki kuwa alama ya kidole gumba kwenye karatasi. Tutalirejelea jambo hili baada ya kuueleza ugonjwa wenyewe.

Lango na Njia za Panya

Damu inayotoka katika sehemu nyingi za mwili hurejea moyoni moja kwa moja. Damu ya tumbo, matumbo, kongosho na wengu (ambao baadhi ya watu huuita bandama) haifanyi hivyo. Hukusanywa na vena moja nene, yenye urefu wa takriban sentimita 8, ambayo huipeleka kwanza kwenye ini. Wanaanatomia waliipa vena hii jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya lango. Nasi katika makala haya tutaiita vena ya lango.

Jina hilo linasadifu. Ini ni kama kituo cha forodha mpakani. Kila kilichofyonzwa kutoka kwenye chakula hufika hapo kikakaguliwa: kinachofaa huhifadhiwa au kubadilishwa, na kilicho sumu huondolewa makali kabla ya kuruhusiwa kuufikia moyo na ubongo. Ini la mtu mzima hupokea kiasi cha lita moja na nusu ya damu kila dakika, na takriban robo tatu ya damu hiyo hupitia katika vena ya lango.

Katika hali ya kawaida, shinikizo ndani ya vena ya lango ni dogo, kati ya milimita 5 na 10 za zebaki. Tulilinganishe na lile shinikizo la damu linalopimwa mkononi, ambalo hukaribia 120 moyo unaposukuma. Ini likijaa makovu, damu hukwama langoni na shinikizo hupanda. Kwa kuwa vena ya lango haina vali za kuizuia damu kurudi ilikotoka, damu hugeuka na kuanza kutafuta vipenyo. Kama wafanyabiashara wa magendo wanaoukwepa ushuru, hutumia njia za panya. Nyingine huelekea kitovuni, nyingine kwenye mkundu, na nyingine hupanda kupitia sehemu ya juu ya tumbo hadi kwenye vena ndogo za umio, ambazo humwaga damu yake katika vena za kifua bila kupita kwenye ini.

Ni hizi za umio zinazoua. Vena za hapo hazikuumbwa kubeba mzigo mkubwa. Aidha, katika sentimita chache za mwisho za umio, karibu na mlango wa tumbo, vena hizo hulala juujuu, chini ya utando mwembamba, bila misuli ya kuzikaza. Tofauti ya shinikizo kati ya vena ya lango na vena nyingine za mwili ikifika milimita 10, vena za umio huanza kufura na kujipinda kama mafundo ya kamba. Ikipita 12, hatari ya kupasuka huwa kubwa. Anayepuliza puto anaielewa hatari hii bila kufundishwa: kadiri puto linavyotanuka ndivyo ukuta wake unavyozidi kuwa mwembamba na kukazika, hadi pumzi moja zaidi inapotosha kulipasua.

Ini Lenye Makovu: Kisa cha Kichocho

Visababishi vya makovu ya ini ni vingi. Ulaya na Marekani, kwa miaka mingi, kisababishi kilichotajwa zaidi kilikuwa unywaji wa pombe kupita kiasi. Virusi vya homa ya ini vya aina ya B na C navyo vina sehemu kubwa kote duniani. Makovu ya namna hii hulienea ini zima, huua seli zake, na hatimaye ini husinyaa na kuwa gumu. Hali hii huitwa sirosisi.

Afrika Mashariki tuna kisababishi kingine, nacho ni kichocho. Neno hili huwafanya watu wengi kuwazia mtoto anayekojoa damu, na hiyo ni sahihi kwa aina moja ya kichocho, ile inayopatikana sana katika ukanda wa pwani. Iko aina ya pili, kichocho cha matumbo, ambayo imeenea katika maeneo yanayolizunguka Ziwa Viktoria, katika mashamba ya mpunga ya Mwea na katika sehemu za Machakos. Minyoo wake huingia mwilini kupitia kwenye ngozi ya mtu anayevua, anayefua, anayelima au anayeoga katika maji yenye konokono wanaowahifadhi viluwiluwi vyao. Wakishakomaa, dume na jike huishi wawili wawili ndani ya vena za matumbo, zile zile zinazoilisha vena ya lango. Jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Mengine hutoka kwa njia ya choo. Mengine huchukuliwa na mkondo hadi kwenye ini yakakwama humo.

Mwili huliviringishia kila yai ukuta wa kovu. Mwaka 1904, daktari W. St. C. Symmers, aliyefanya kazi Misri, alieleza alichokiona alipolikata ini la wagonjwa wa namna hii. Makovu meupe yalikuwa yamezizunguka tanzu za vena ya lango, mfano wa mashina ya viko vya udongo yaliyochomekwa ndani ya ini. Hadi leo madaktari huyatambua makovu hayo kwa tashbihi hiyo ya kiko.

Tofauti kati ya ini la kiko na ini la sirosisi ndiyo ufunguo wa makala haya. Katika kichocho, makovu huziba njia za kuingilia, lakini seli zenyewe za ini huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Forodha imefungiwa lango, ila maafisa wake wangali mezani. Ndiyo maana mgonjwa wa kichocho anayetapika damu aghalabu huwa kijana au mtu wa makamo, macho yake hayajawa ya manjano, wengu wake umevimba pengine hadi kufika usawa wa kitovu, na akinusurika kwenye damu hiyo anaweza kuishi miaka mingi. Yeye hafi kwa ini kushindwa. Hufa kwa kuvuja damu.

Kuziba Ufa

Mgonjwa anapotapika damu, au anapopata choo cheusi kinachong'aa kama lami, jambo la kwanza si kisu. Jambo la kwanza ni kuuokoa uhai. Huwekewa damu kwa kipimo. Hapa pana jambo linaloweza kumshangaza msomaji: damu nyingi mno hudhuru. Kila chupa inayozidi hulirudisha juu shinikizo la lango na kulifungua upya lile jeraha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 huko Uhispania ulionyesha kuwa wagonjwa wengi wanaovuja damu tumboni huwa na heri zaidi wanapoongezewa damu pale tu himoglobini inaposhuka chini ya gramu 7 kwa kila desilita. Pamoja na hayo, hupewa dawa za kupunguza damu inayoingia katika vena ya lango, na viuavijasumu, kwa sababu maambukizi huwashambulia upesi wagonjwa wa ini wanaovuja damu.

Kisha huja kazi ya kuufikia ufa wenyewe. Mwaka 1939 Crafoord na Frenckner wa Uswidi walieleza jinsi walivyopitisha bomba kinywani mwa mgonjwa na kuzidunga vena zilizofura dawa ya kuzigandisha. Mwaka 1950 ulivumbuliwa mpira wenye maputo mawili, ambao humezeshwa mgonjwa kisha ukajazwa hewa: puto moja hukaa tumboni na jingine humbana umio kwa ndani. Kifaa hicho, kinachobeba jina la Sengstaken na Blakemore, kingali kinatumika pale njia nyingine zinaposhindikana, ingawa hakiachwi zaidi ya saa 24 kwa kuwa kinaweza kuuozesha ukuta wa umio. Damu nayo hurejea mara nyingi puto linapolegezwa.

Maendeleo makubwa yalipatikana mwaka 1986, wakati Stiegmann na wenzake wa Colorado, Marekani, walipoeleza kifaa cha kuzifunga vena kwa vipira. Daktari hupitisha endoskopu, yaani mrija wenye taa na kioo cha kuonea, hadi kwenye umio. Fundo la vena hufyonzwa ndani ya kikombe kidogo kwenye ncha ya mrija, kisha kipira huachiliwa na kulikaba shingoni. Fundo lililokabwa hukosa damu, hufa, hubanduka baada ya siku chache na kuacha kovu. Kazi hii hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa hadi mafundo yaishe. Leo hii, kufunga kwa vipira pamoja na vidonge vya jamii ya propranololi, ambavyo hupunguza shinikizo la lango, ndiyo tiba inayoanza kutumiwa takriban kila mahali.

Lakini kipira huziba ufa tu. Shinikizo lililosababisha ufa liko pale pale. Kwa wagonjwa ambao damu hukataa kukoma au hurudi tena na tena, na kwa wale wanaoishi mbali na endoskopu, swali letu la awali linarejea: damu iende wapi?

Kuuchepusha Mto

Jibu la kwanza la wapasuaji lilikuwa la kihandisi. Ikiwa bwawa limefurika, chimba mfereji. Mwaka 1877, Nikolai Eck, daktari wa Urusi, aliiunganisha vena ya lango na vena kava ya chini katika mbwa wanane, ili damu iende moyoni bila kupitia kwenye ini. Mbwa hao karibu wote walikufa mapema. Mmoja tu aliishi kwa miezi kadhaa. Eck alitosheka kwamba jambo hilo linawezekana.

Mwaka 1893, Ivan Pavlov na wenzake, ambao walikuwa wameimudu kazi hiyo vizuri zaidi, walitoa taarifa ya onyo. Mbwa waliofanyiwa mchepuko huo, hasa walipokula nyama, walipepesuka, wakawa wakali, wakashikwa na degedege na kuzirai. Chakula kilikuwa kimeufikia ubongo bila kukaguliwa. Siku hizi tunajua kuwa amonia, inayotokana na kuvunjwavunjwa kwa protini matumboni, ni miongoni mwa sumu zinazosababisha hali hiyo.

Onyo hilo halikuwazuia wapasuaji. Kuanzia mwaka 1945, Whipple na wenzake wa New York waliufufua mchepuko kama tiba ya binadamu, na kwa miaka ishirini hivi ulifanywa kwa bidii kubwa. Kwa kipimo kimoja ulifaulu mno: vena za umio zilinywea na damu ikakoma. Ndipo majaribio ya miaka ya 1960 huko Marekani yakawalinganisha wagonjwa waliochepushiwa damu kabla hawajavuja hata mara moja na wale ambao hawakupasuliwa. Waliopasuliwa hawakuvuja damu kama wenzao, lakini hawakuishi muda mrefu kuliko wao. Badala ya kufa kwa damu, walikufa kwa ini lililonyimwa damu, na wengi wao walichanganyikiwa akili kabla ya kufa. Mfereji ulikuwa umeliokoa bwawa na kulikausha shamba.

Wapo waliotafuta mchepuko wa kiasi. Mwaka 1967, Warren na wenzake wa Marekani walieleza upasuaji ambao huiunganisha vena ya wengu pekee na vena ya figo ya kushoto. Damu ya umio na sehemu ya juu ya tumbo hushuka kupitia kwenye wengu, ilhali damu ya matumbo huachwa iendelee kuelekea kwenye ini. Mwaka 1988, madaktari wa Ujerumani walianza kuutengeneza mchepuko bila kumpasua mtu: sindano ndefu hupitishwa kutoka kwenye vena ya shingo hadi ndani ya ini, na neli ya wavu wa chuma huwekwa kati ya tanzu za vena ya lango na vena zinazotoka kwenye ini. Njia hii imewanusuru wengi, na imechukua nafasi ya michepuko ya kisu katika hospitali kubwa za nchi tajiri. Hata hivyo, yahitaji mitambo ghali na ufuatiliaji wa karibu, na ile gharama ya Pavlov, yaani kuchanganyikiwa akili, ingali inalipwa na baadhi ya wagonjwa.

Kuikata Njia ya Panya

Jibu la pili lilitokana na watu walioutazama ugonjwa tofauti. Misri ni nchi ambayo kichocho kiliandamana na kilimo cha umwagiliaji cha Mto Naili tangu kale, na ndiko Theodor Bilharz alikowatambua minyoo wake mwaka 1851. Wapasuaji wa huko waliwaona kila siku wagonjwa wenye ini la kiko: lango limeziba, seli zi hai. Kuiondoa damu katika ini la namna hiyo ni sawa na kukifunga kituo cha forodha ambacho maafisa wake wote wako kazini.

Mwaka 1967, Hassab alichapisha taarifa ya operesheni 355 alizozifanya kwa njia nyingine kabisa. Hakuunganisha vena yoyote na nyingine. Aliutoa wengu, kisha akazifunga na kuzikata moja moja vena zote zinazopanda kutoka kwenye nusu ya juu ya tumbo hadi kwenye sehemu ya chini ya umio. Kwa maneno mengine, aliiacha barabara kuu ya ini kama ilivyo na kuzivunja njia za panya. Kuutoa wengu kulikuwa na maana yake: wengu wa mgonjwa wa kichocho unaweza kuwa mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida, na damu inayotoka humo ni mzigo mzito kwa vena ya lango. Ukiondoka, mzigo hupungua. Pia chembe za kugandisha damu, ambazo wengu ulikuwa ukizimeza, huongezeka.

Mwaka 1973, Sugiura na Futagawa wa Japani walieleza operesheni inayofanana nayo lakini pana zaidi. Walipasua kifua na tumbo, wakauvua umio vena zake kwa urefu mkubwa, kisha wakaukata umio wenyewe na kuushona upya ili zile vena za ndani ya ukuta nazo zikatike. Matokeo ya Japani yalikuwa mazuri sana. Wapasuaji wengine walipoijaribu kazi hiyo katika nchi za Magharibi hawakupata matokeo sawa, na si ajabu: wengi wa wagonjwa wao walikuwa na ini lililokwisha kuharibika, na waliingizwa chumba cha upasuaji damu ikiendelea kuvuja.

Hoja iliyobaki ilikuwa ni njia ipi imfae mgonjwa wa kichocho. Brazil, ambako kichocho cha matumbo ni tatizo la muda mrefu, ilitoa ushahidi bora zaidi. Wapasuaji wa São Paulo waliwagawa wagonjwa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilitolewa wengu na kuunganishiwa vena yake na vena ya figo. La pili likafanyiwa mchepuko wa Warren. La tatu likatolewa wengu na kukatiwa vena za tumbo na umio. Kundi la kwanza lilisimamishwa kabla ya wakati, maana waliochanganyikiwa akili walikuwa wengi mno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yaliipendelea njia ya tatu. Operesheni isiyoigusa njia ya ini ndiyo iliyowaacha wagonjwa na akili zao.

Mizani ya Mpasuaji

Isidhaniwe kwamba kuikata njia ya panya hakuna gharama. Maji hufuata mkondo, na shinikizo lililobaki linaweza kuzifungua njia mpya baada ya miaka. Kwa hiyo mgonjwa aliyepasuliwa hana budi kurudi kuchunguzwa kwa endoskopu na kufungwa vipira pale mafundo yanapochipuka tena. Fauka ya hayo, damu inaweza kuganda ndani ya vena ya lango baada ya wengu kutolewa.

Kuutoa wengu wenyewe ni jambo la kupimwa sana katika nchi za joto. Wengu huchuja vijidudu kutoka kwenye damu, vikiwemo vile vya malaria na bakteria wa nimonia. Asiye na wengu anaweza kushikwa na homa asubuhi na kufa jioni. Kwa sababu hiyo hudungwa chanjo, ikiwezekana wiki mbili kabla ya operesheni, hushauriwa kulala ndani ya chandarua maisha yake yote, na huonywa asikae nyumbani na homa hata siku moja.

Kabla ya kuamua, daktari hupima pia nguvu ya ini. Kipimo kinachotumika sana hutazama mambo matano: rangi ya nyongo katika damu, protini inayotengenezwa na ini, wepesi wa damu kuganda, maji yaliyojaa tumboni na utulivu wa akili. Mgonjwa hupangwa katika daraja A, B au C. Mwenye ini la kiko aghalabu huwa daraja A na huvumilia kisu. Mwenye sirosisi ya daraja C hahitaji kukatiwa vena. Anachohitaji ni ini jipya, na upandikizaji huo haupatikani kwa wagonjwa wengi wa ukanda wetu. Tena wapo wenye maradhi mawili kwa pamoja, kichocho na homa ya ini, na hao mizani yao ni ngumu zaidi.

Neno Kabla ya Kisu

Sasa turejelee lugha. Hebu tumfikirie mvuvi wa ziwani ambaye ameokolewa, damu imekoma, na daktari anamwambia: "Tutafunga mishipa yako." Mshipa gani? Katika Kiswahili cha kila siku, mshipa ni vena, ni ateri, ni neva tunapozungumzia mishipa ya fahamu, na kwa wazee wa pwani mshipa ni ule ugonjwa wa kuvimba korodani au ngiri. Mgonjwa anaweza kuitikia kwa kichwa huku akiwazia sehemu ya mwili iliyo mbali kabisa na umio wake. Kadhalika, akiambiwa ana kichocho atakana, kwa maana hajawahi kukojoa damu. Akitapika damu, jirani atamwambia ni vidonda vya tumbo, naye atameza dawa za dukani kwa miezi, ama atatafuta aliyemloga.

Istilahi hazikosekani. Umio, wengu, vena, ateri, neva na kongosho yamo kamusini. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia mbele ya mgonjwa na kuyafafanua kwa taswira anazozijua. Kwa maoni yetu, maelezo yafuatayo yanaweza kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kuona mto au mpaka: "Baba, damu ya tumbo lako hupita kwenye ini. Makovu ya kichocho yameziba njia hiyo, kwa hiyo damu inapita njia ya panya kwenye umio wako, na njia hiyo imepasuka. Tunataka kuikata njia hiyo na kuutoa wengu uliovimba. Ini lako hatutaligusa. Ila ujue kwamba bila wengu, homa ndogo kwako ni jambo kubwa."

Hakuna neno geni katika maelezo hayo, na hakuna ukweli uliofichwa. Mgonjwa anaweza kuuliza, kukubali au kukataa. Kazi ya kuyaandaa maelezo ya namna hii, kuyajaribu kwa wasikilizaji na kuyasanifisha ni kazi ya mwanaisimu na mfasiri kwa kadiri ile ile ambayo ni kazi ya daktari.

Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya upasuaji huu ni historia ya swali moja. Waliojibu kwamba damu ipelekwe popote mradi isivuje, waliikomesha damu na kumpoteza mtu. Waliouliza kwanza ini la mgonjwa wao liko katika hali gani, walipata jibu la unyenyekevu zaidi: kate njia mbovu, acha njia nzuri.

Hata hivyo, ushindi ulio bora ni ule usiohitaji kisu. Kichocho hutibika kwa vidonge vya prazikwanteli, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba katika maeneo yenye maambukizi tiba ya kinga itolewe kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili. Makovu huchukua miaka mingi kujijenga. Mtoto anayetibiwa mapema, akapata maji safi na choo, hataletwa usiku wa manane akitapika damu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa wale ambao ufa wao umekwisha kupasuka, tuwape angalau haki ya kuelewa, kwa lugha yao, ukuta unaotaka kujengwa ndani ya miili yao.